Kijiko Mfukoni

Mwaka wa pili huu natembea na kijiko mfukoni,
cha bati, kimepinda shingo,
kwa kuwa mkono wangu wa kulia
ulibaki Mwembe Tayari, ndani ya mashine ya miwa,
siku ya joto, foleni ndefu, ndimu na tangawizi.
Mteja wa mwisho aliondoka na gilasi yangu.
Sijamdai.

Harusini siketi tena kwenye sinia.
Nyumbani mama hunipakulia sahani yangu peke yangu,
huifunika kawa, huiita heshima.
Nala kwa kushoto, kwa kijiko, nikitazama ukuta.
Watu wakinipa mkono
nawapa bega.

Na methali nazo hazina huruma.
Mkono mmoja haulei mwana.
Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.
Zamani nilizisema mwenyewe,
kwa sauti ya mtu mwenye mikono.

Jumamosi ile nilikwenda Tudor, ua wa nyuma
wa karakana inayotengeneza miguu,
nilikwenda ili niweze kusema nimekwenda.
Nilidhani tutakaa duara, tupeane pole.
Jumwa akanirushia nazi.
"Shika."
Yeye hana wa kushoto, tangu ajali ya Mariakani;
panga liko kwenye wa kulia wake.
"Usikose," nikamwambia, "nimebakiwa na huu tu."
"Nawe usitikisike. Nami nina huu tu."
Nazi ikapasuka, maji yakaturowesha viatu,
viatu vitano,
kwa kuwa Kahindi alikuwa amesimama kati yetu.

Kisha mchele.
Umewahi kupeta na mtu?
Ungo mmoja, mkono wake, mkono wangu,
na kila mkono na haraka zake.
Yeye akirusha mimi bado napokea,
mimi nikirusha yeye keshashusha,
mchele ukamwagika,
kuku wa jirani wakaja bila kualikwa.
Bwanaheri, chini mkekani,
mguu wake wa bandia ameuegemeza ukutani, umevaa soksi,
akaanza kutuhesabia:
Haya, tua. Haya, tua.
Hesabu ya makuli, gunia juu, gunia chini,
aliyoitoa bandarini pamoja na kisukari chake.
Labda mara ya thelathini, sikumbuki,
makapi yakaenda zao
na mchele ukabaki.

Kitunguu kilipoanza kubadili rangi
ule mkono usiokuwepo ukaanza kuwasha.
Sikusema. Jumwa akaniona usoni.
"Wapi?"
Kati ya cha shahada na cha kati.
Akainama, akaikuna hewa pale pale,
taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba.
Haikusaidia.
Lakini hakuniuliza mkono gani.

Sinia likatua.
Wali wa nazi, nyama juu yake, pilipili pembeni.
Nikapapasa mfuko.
Bwanaheri akautazama mkono wangu wa kushoto,
akautazama wali,
akasema bismillahi
kwa sauti ya kutosha watu wawili.

Wali ulikuwa wa moto.
Nilikuwa nimesahau hilo, miaka miwili,
kwamba vidole ndivyo vinavyoonja kwanza.
Nyama ilikuwa ya mfupa, ngumu, ya bei yetu;
Jumwa akashika ncha hii, mimi ile,
tukavuta kama watu wenye kesi,
na ilipokatika kipande kikubwa kikabaki kwake.
Akacheka, akakila.
Hakunigawia kwa huruma.
Nikanyoosha mkono nikajitafutia kingine.

Kijiko kilitoka baadaye.
Kahindi alikiomba akwangulie ukoko,
akaingia nacho ndani ya sufuria mpaka kiwiko,
kikapinda zaidi, kikawa kama ndoana.
Nilipofika kwetu usiku
mama aliuliza, umekula?
Nikamnusisha vidole.
Kijiko kiko Tudor.
Nacho pia sijakidai.